Kuzingirwa kwa Khartoum, 1884–1885: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi hukijua kisa hiki kwa jina la mtu mmoja, Jenerali Charles Gordon. Majibu yaliyo hapa chini yanampa Gordon nafasi yake, ila yanautazama zaidi mto Naili. Mto ndio uliokuwa ukuta wa Khartoum, ndio uliokuwa barabara yake, na mwishowe ndio uliofungua mlango adui akaingia.

Kwa kifupi, kilitokea nini?

Katikati ya Machi 1884 majeshi ya Muhammad Ahmad bin Abdallah, aliyejitangaza kuwa Mahdi, yalizifunga njia za Khartoum na kuukata waya wa telegrafu uliouunganisha mji na Cairo. Ndani kulikuwa na watu wapatao 34,000, wakilindwa na askari 7,000 hivi wa serikali ya Misri. Walistahimili zaidi ya miezi 10. Kabla ya mapambazuko ya 26 Januari 1885 mji ukatekwa, Gordon akauawa. Waingereza waliokuja kuwaokoa walifika mbele ya mji tarehe 28, siku mbili baadaye.

Misri ilikuwa inafanya nini Sudan, na huyo Mahdi alikuwa nani?

Misri ya Muhammad Ali iliivamia Sudan mwaka 1820 ikitafuta dhahabu na watumwa wa kuwafanya askari. Khartoum yenyewe ni mji uliokuzwa na utawala huo: makao ya gavana, ghala la pembe za ndovu na ulimbo, soko la watumwa. Kodi zilikuwa nzito na zilikusanywa kwa kiboko. Wasudani waliwaita watawala hao wote Waturuki, hata kama aliyetumwa alikuwa Mmisri au Mzungu.

Muhammad Ahmad alizaliwa mwaka 1844 katika jamaa ya mafundi wa majahazi wa Dongola. Akawa sufi mwenye sifa ya uchamungu, akaishi kisiwa cha Aba katika Naili Nyeupe. Juni 1881 akatangaza kuwa yeye ndiye Mahdi, kiongozi ambaye Waislamu wengi humngojea aje kusimamisha haki. Serikali ikatuma askari wamkamate, wakapigwa. Mwaka uliofuata likatumwa jeshi kubwa zaidi, nalo likafutwa. Novemba 1883 jeshi la watu kama 10,000 likiongozwa na Mwingereza William Hicks liliangamizwa huko Shaykan, katika jimbo la Kordofan, na waliosalimika walikuwa wachache sana. Bunduki na mizinga ya jeshi hilo vikawa mali ya Mahdi. Asiyelitia jambo hili maanani huwaza kwamba Khartoum ilizingirwa na watu wa mikuki mitupu. Sivyo. Sehemu kubwa ya risasi zilizoupiga mji zilikuwa zimenunuliwa na serikali yenyewe.

Gordon alitumwa kupigana au kuwahamisha watu?

Kuwahamisha. Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu 1882, na serikali ya Waziri Mkuu Gladstone haikutaka vita vya Sudan. Gordon aliwahi kuwa Gavana Mkuu wa Sudan kuanzia 1877 hadi 1879, kwa hiyo magazeti ya London yakashikilia kuwa yeye ndiye mtu anayefaa. Aliondoka London 18 Januari 1884, akafika Khartoum 18 Februari.

Njiani alifanya kosa ambalo nadhani lilimgharimu kuliko yote yaliyofuata: alipopita Berber, mji wa kaskazini kando ya Naili, aliwaambia wazi wakuu wa huko kwamba Misri inaondoka. Sheikh wa kabila akiambiwa kuwa serikali inafungasha, atakaa upande wake ili iweje? Kesho atabaki peke yake na Mahdi. Makabila ya kaskazini yaliyokuwa yakisitasita yakaanza kujiunga na upande wa pili, na Mei 1884 Berber yenyewe ikaanguka. Kuanzia hapo njia ya kaskazini ikawa imefungwa kwelikweli.

Kabla ya kuzingirwa alifaulu kuwapeleka kaskazini watu wapatao 2,500: wanawake, watoto na wagonjwa. Baada ya hapo akakataa kuondoka bila wengine. Aliomba apewe Zubayr Pasha, aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa watumwa, aje kutawala mahali pake. London ikakataa, maana nani angethubutu kusimama bungeni kulitetea jina hilo?

Mji ulikaaje, na ulilindwa na nini?

Chukua karatasi uchore. Naili ya Bluu inatoka mashariki na kupita kaskazini ya mji. Naili Nyeupe inatoka kusini na kupita magharibi. Mito hiyo miwili inakutana kwenye pembe ya kaskazini-magharibi, penye kisiwa cha Tuti. Kwa hiyo pande mbili zililindwa na maji. Upande uliobaki, wa kusini, ulikuwa tambarare tupu, na huko ndiko kulikochimbwa handaki refu lenye boma la udongo nyuma yake, kuanzia Buri kwenye Naili ya Bluu hadi ukingo wa Naili Nyeupe. Handaki hilo lilianzwa kabla ya Gordon. Mmoja wa magavana waliomtangulia, Abd al-Qadir Hilmi, ndiye aliyeona hatari mapema.

Gordon alikuwa mhandisi wa jeshi na kazi hii aliipenda. Mbele ya handaki alifukia mabomu, akatandaza waya wa kuwanasa washambuliaji, na kumwaga vipande vya chupa na miba ya chuma kwa sababu alijua wengi wa adui zake walikuwa peku. Ng'ambo ya Naili ya Bluu palikuwa na ngome ya kaskazini, na ng'ambo ya Naili Nyeupe palikuwa na ngome ndogo ya Omdurman.

Sasa jambo la kukumbuka. Naili haikai mahali pamoja. Mvua za nyanda za juu za Ethiopia huujaza mto kati ya Julai na Septemba, kisha maji hupungua mwezi hata mwezi. Boma la udongo lilipokutana na Naili Nyeupe, maji ya mafuriko yalikuwa yanalila kila mwaka, na yalipopungua yaliacha pengo la matope kati ya mwisho wa boma na mto. Wakati wa mafuriko pengo hilo halikuwa na maana, maana lilikuwa chini ya maji. Januari lilikuwa nchi kavu, au karibu yake.

Walioulinda mji walikuwa Waingereza?

Hapana. Waingereza ndani ya mji walikuwa watatu: Gordon, Kanali Stewart aliyekuwa msaidizi wake, na Frank Power, mwandishi wa gazeti la The Times aliyekuwa pia balozi mdogo. Kuanzia Septemba alibaki Gordon peke yake.

Askari walikuwa wa namna tatu. Walikuwapo Wamisri, wengi wao wakulima walioandikishwa kwa nguvu, na Gordon aliwadharau hadharani, wakati mwingine bila haki. Walikuwapo askari wa kukodiwa, Washaigiya na wengineo, ambao uaminifu wao ulipanda na kushuka. Na walikuwapo askari weusi wa Sudan, wengi wao watu wa milima ya Nuba na wa kusini waliokamatwa utumwani na kutiwa jeshini. Hao ndio waliopigana kwa ushupavu kuliko wote. Ajabu ni kwamba wenye bunduki hodari wa Mahdi, wakiongozwa na Hamdan Abu Anja, walikuwa watu wa asili hiyohiyo. Ndugu walirushiana risasi juu ya handaki lililochimbwa kwa ajili ya wakubwa wa wengine.

Kamanda bora wa mji alikuwa Muhammad Ali Bey. Maji yalipojaa Agosti 1884 alitoka na stima akawapiga Wamahdi mara kadhaa, na kwa wiki chache ikaonekana kama mji utajiokoa. Mwanzoni mwa Septemba aliwafuata adui mbali na mto, hadi Umm Dubban, akanaswa vichakani na kuuawa pamoja na mamia ya askari wake bora. Mji haukuthubutu tena kutoka kwa nguvu kubwa. Ukiniuliza ni siku gani Khartoum ilishindwa, nitakutajia hiyo kabla ya siku nyingine yoyote, na hapakuwa na Mwingereza hata mmoja uwanjani.

Mbona Mahdi hakushambulia tangu mwanzo?

Kwa sababu alishajifunza. Septemba 1882 aliushambulia mji wa El Obeid uso kwa uso, watu wakiwa na panga na mikuki dhidi ya bunduki zilizo nyuma ya boma, akapoteza maelfu. Akaacha kushambulia, akauzingira. Mji ukala punda, mbwa na ngozi, na Januari 1883 ukasalimu amri. Khartoum alitaka iwe hivyohivyo: iive yenyewe iangukie mkononi.

Kwa hiyo mwanzoni alituma makamanda, kwanza Abu Qarja, kisha Abd al-Rahman al-Nujumi, kuja kuubana mji. Yeye mwenyewe alikaa Kordofan, akaanza safari polepole na umati wa watu, wake, watoto na mifugo, akafika karibu na Omdurman katika nusu ya pili ya Oktoba 1884. Maji yalikuwa yameanza kupungua.

Ni kweli Gordon na Mahdi waliandikiana barua?

Ni kweli, na ni sehemu ya kisa hiki inayonivutia sana. Gordon alipowasili tu alimpelekea Mahdi vazi la heshima na tarbushi nyekundu, na kumtangaza kuwa Sultani wa Kordofan. Fikiria: mtu ameshaiteka Kordofan kwa upanga, wewe unamzawadia Kordofan. Machi wajumbe wa Mahdi wakaja na jibu. Walirudisha mavazi yale, wakaleta jingine, kanzu yenye viraka inayovaliwa na Ansari, wafuasi wake, pamoja na wito kwamba Gordon asilimu na ajiunge nao. Gordon akakataa kwa hasira.

Barua ziliendelea. Baada ya kufika Omdurman, Mahdi alimwandikia Gordon kumwonyesha kwamba stima yake imenaswa na nyaraka zake zote zimesomwa. Aliorodhesha yaliyomo: idadi ya askari, hali ya chakula, maombi ya msaada. Gordon hakuwa tena na siri.

Stima zilikuwa na kazi gani hasa?

Kila kazi. Stima zilikuwa miguu ya mji. Zilikuwa vyombo vidogo vya magurudumu vilivyofungwa mabamba ya chuma ya matangi ya mvuke na magogo mazito, na kuwekwa mizinga. Zilileta nafaka kutoka vijiji vya kando ya mto, zilishambulia kambi za adui, zilibeba barua. Majina yake yalijulikana na kila mtoto wa mji: Bordein, Talahawiya, Mansura, Safia, Ismailia, Husseiniya.

Lakini stima hufuata maji. Katika mafuriko zilifika mbali juu ya Naili ya Bluu na kurudi na mtama. Maji yalipopungua zilikwama michangani, na hatari ilizidi kila wiki.

Mwisho wa Septemba Gordon alizituma kadhaa kaskazini hadi jirani na Metemma zikalisubiri jeshi la Waingereza. Alidhani litafika Novemba. Zilikaa huko miezi, na mji uliozihitaji ukabaki na chache. Bordein ilifuata katikati ya Desemba ikiwa imebeba sehemu ya mwisho ya shajara yake. Katika ukurasa wa mwisho, wa tarehe 14 Desemba, aliandika kwamba jeshi lisipofika katika siku 10, hata likiwa la watu 200 tu, mji huenda ukaanguka, na kwamba yeye amefanya awezalo. Mji ulidumu wiki sita zaidi.

Stima Abbas ilipatwa na nini?

Usiku wa kuamkia 10 Septemba Abbas iliondoka na Stewart, Power, balozi mdogo wa Ufaransa Herbin na abiria wengine, ili ifike Dongola na kueleza hali ya mji. Ilivuka Berber salama. Kisha katika nchi ya Wamonasir ikagonga mwamba. Sheikh wa huko, Sulayman wad Qamr, akawakaribisha nyumbani kwa ahadi ya kuwauzia ngamia. Wakaingia bila silaha, wakauawa. Nyaraka zikapelekwa kwa Mahdi, pamoja na funguo za maandishi ya siri. Kwa hiyo tangu hapo hata ujumbe uliopenya hadi Gordon kutoka nje, ukiwa umeandikwa kwa siri, hakuweza kuusoma.

Watu walikula nini? Na fedha zilitoka wapi?

Mwanzoni chakula kilikuwa kingi kuliko watu wanavyodhani. Maghala yalikuwa na mtama na biskuti za jeshi, na soko liliendelea. Tatizo lilikuwa bei, wafichaji na wezi. Kuna maofisa waliouza nafaka ya serikali kwa mlango wa nyuma huku askari wakipunguziwa posho.

Fedha taslimu ziliisha mapema, na Gordon akachapisha noti zake mwenyewe, nyingine akazitia saini kwa mkono. Zilikuwa ahadi tu ya kwamba zitalipwa baadaye, na wafanyabiashara walizipokea. Alitengeneza pia nishani za kuzingirwa, za fedha kwa maofisa na za madini hafifu kwa wengine, na wanawake na watoto nao walipata. Mtu anaweza kucheka. Lakini katika mji usio na mishahara, kipande cha bati chenye tarehe kilimweka mtu ukutani usiku mmoja zaidi.

Kufikia Januari 1885 hali ilikuwa nyingine kabisa. Mfanyabiashara Bordeini Bey, aliyekuwamo mjini na kunusurika, alisimulia jinsi watu walivyokula punda, mbwa, panya, ngozi, ulimbo wa migunga na moyo wa mitende iliyokatwa. Ulimbo uliwasokota matumbo. Askari walivimba miguu, wakasimama kwenye boma kwa kuegemea. Maiti zilibaki njiani kwa kukosa wa kuzizika. Gordon aliruhusu wanaotaka kwenda kwa Mahdi waende, akamwandikia Mahdi awalishe. Maelfu wakaondoka. Hapo kulikuwa na huruma na hesabu kwa pamoja: kila aliyetoka alikuwa tumbo moja pungufu.

Ngome ya Omdurman, iliyokuwa chini ya Faraj Allah, nayo ilisalimu amri mwezi huo baada ya chakula na risasi kwisha. Ukingo wa magharibi ukawa wote wa Mahdi, na mizinga yake ikawa inautazama mji kwa ukaribu.

Kwa nini jeshi la msaada lilichelewa hivyo?

Watu hupenda kuhesabu siku mbili za mwisho. Mimi naanza kuhesabu Aprili. Kuanzia masika ya 1884 London ilijua kwamba Gordon amefungiwa, ila Gladstone aliona kuwa ametumwa kuhamisha watu na sasa anajaribu kuiburuta nchi vitani. Malumbano yalichukua miezi. Bunge liliidhinisha pauni 300,000 Agosti, na kamanda, Garnet Wolseley, alifika Cairo Septemba.

Kisha kulikuwa na njia mbili. Moja ilitoka Suakin, bandari ya Bahari ya Shamu, hadi Berber kwa jangwa: fupi, lakini visima vichache na makabila ya Osman Digna, kamanda wa Mahdi, njiani. Nyingine ilifuata mto wote kutoka Misri. Wolseley aliwahi kuongoza safari ya mito nchini Kanada mwaka 1870, akauchagua mto. Yakaundwa mashua 800 Uingereza, wakaletwa wapiga kasia karibu 400 kutoka Kanada, wakiwamo wenyeji wa asili wa huko, kuzivusha katika maporomoko. Lakini walianza maji yakiwa yanashuka. Kila wiki iliyopita mawe mengi zaidi yalichomoza. Mto uleule uliokuwa ukiuvua mji nguo ulikuwa ukiwazuia waokozi.

Desemba Wolseley akatoa kikosi cha ngamia kikate jangwa la Bayuda kutoka Korti hadi Metemma. Tarehe 17 Januari 1885, kwenye visima vya Abu Klea, kikosi hicho cha watu wasiozidi 1,500 kilivamiwa na maelfu ya Ansari. Waingereza zaidi ya 70 walikufa, na Ansari zaidi ya 1,000. Siku mbili baadaye wakapigana tena, na kamanda wao, Herbert Stewart (si yule wa stima Abbas), akapata jeraha lililokuja kumuua. Uongozi ukamwangukia Charles Wilson, ofisa wa upelelezi. Tarehe 21 wakakutana na stima za Gordon. Wilson akatumia siku tatu kupeleleza adui na kuzitengeneza, akaondoka tarehe 24 na stima mbili, wanajeshi wa Kiingereza kama 20 na Wasudani zaidi ya 200.

Usiku wa 25 kuamkia 26 Januari ilikuwaje?

Habari za Abu Klea zilifika kambi ya Mahdi kabla ya Wilson. Mizinga ilipigwa kana kwamba ni ushindi, lakini vilio vya wanawake kambini vilisema ukweli. Katika baraza wengi walipendekeza kurudi Kordofan. Mmoja wa jamaa za Mahdi, Muhammad Abd al-Karim, akasema washambulie kabla Waingereza hawajafika: wakishinda, hakuna tena wa kuokolewa, wakishindwa, njia ya kurudi bado ipo. Hoja hiyo ikakubaliwa. Tuseme tu kwamba waokozi waliuharakisha mwisho wa waliokuja kuwaokoa.

Mahdi alivuka mto usiku, akawahutubia watu wake, akarudi Omdurman. Al-Nujumi akaongoza. Wengine walilishambulia boma upande wa mashariki na katikati, na kundi kubwa likapita kimyakimya magharibi, penye matope ya Naili Nyeupe, wakazunguka mwisho wa boma na kutokea nyuma ya askari waliokuwa wakitazama mbele. Baada ya hapo halikuwa pambano tena. Walinzi wengi waliuawa mahali walipokuwa, na raia wapatao 4,000 wakachinjwa kabla Mahdi hajaamuru mauaji yakome. Wanawake waligawanywa, na wenye mali waliteswa waonyeshe walikoificha.

Mji ulisalitiwa?

Hadithi ya Faraj Pasha, ofisa mkuu wa askari weusi, kwamba alifungua lango, ilienea haraka, kwa sababu iliwafaa wote: Waingereza walipata wa kumlaumu, na walionusurika walipata sababu ya kushindwa kwao. Faraj mwenyewe aliuawa na Ansari siku chache baadaye, jambo lisilofanana na malipo ya msaliti. Sioni kwamba tunahitaji msaliti. Pengo lilikuwepo na waliotoroka mjini walilieleza. Watu waliovimba miguu kwa njaa hawakimbii mita mia kulifunga.

Gordon alikufa vipi hasa?

Aliuawa katika ikulu yake, au karibu nayo, kabla au wakati wa mapambazuko. Picha iliyozoeleka, ya mtu amesimama juu ya ngazi kwa utulivu huku mikuki ikimwelekea, ilichorwa na mtu ambaye hakuwepo. Kuna aliyekuwa mlinzi wake aliyesimulia kwamba alipigana kwa bastola ngazini hadi risasi zikaisha. Kuna masimulizi kwamba alipigwa risasi bila kutambuliwa. Masimulizi kadhaa yanasema Mahdi alitaka ashikwe hai. Kichwa chake kilipelekwa kambini na kuonyeshwa kwa Rudolf Slatin, Mwaustria aliyekuwa gavana wa Darfur na sasa mateka katika minyororo.

Je, Wilson angefika siku mbili mapema, mji ungeokoka?

Gordon aliamini kwamba makoti mekundu machache, yaani askari wachache wa Kiingereza, yangetosha kuwatia watu moyo na adui hofu. Labda Septemba. Mwishoni mwa Januari mbele ya watu kama 50,000, sioni askari 20 wangefanya nini zaidi ya kufa pamoja na wenzao. Wilson alipofika tarehe 28 alitazama kwa darubini akaona bendera haipo juu ya ikulu, risasi zikanyesha kutoka kingo zote mbili, akageuka. Stima zake zote mbili zikavunjika kwenye miamba wakati wa kurudi. Maji, tena.

Baada ya hapo?

Mahdi aliishi miezi mitano tu, akafariki Juni 1885 huko Omdurman. Mrithi wake, Khalifa Abdallahi, akatawala hadi 2 Septemba 1898, jenerali wa Kiingereza Kitchener alipokuja na reli, bunduki za mashine na mizinga. Katika uwanja wa Karari Ansari zaidi ya 10,000 waliuawa kwa asubuhi moja. Kaburi la Mahdi likapigwa mizinga, na mifupa yake ikatupwa mtoni. Hayo nayo yaandikwe pamoja na mauaji ya 1885.

Kisa hiki kinatuhusu nini Afrika Mashariki?

Kinatuhusu zaidi ya wengi wanavyojua. Kwanza, kabla ya yote hayo, Gordon akiwa gavana wa Ikweta, jimbo la kusini mwa Sudan, alimshauri Khedivi Ismail wa Misri atafute njia ya kutoka maziwa makuu hadi pwani yetu. Mwaka 1875 meli za Misri chini ya McKillop zikaziteka Barawa na Kismayu, zilizokuwa za Sultani Barghash wa Zanzibar. Barghash akalalamika kwa Waingereza, na Wamisri wakaondoka.

Pili, Khartoum ilipoanguka, Emin Pasha, gavana wa Ikweta, alibaki amekatika kusini. Henry Stanley alitumwa kumfuata mwaka 1887, akaandikisha Zanzibar wapagazi na askari zaidi ya 600, na kumchukua Tippu Tip ndani ya meli hadi mdomo wa Kongo. Waliofika Bagamoyo Desemba 1889 walikuwa wachache mno wakilinganishwa na walioondoka. Usiku wa karamu ya kuwapokea, Emin akaanguka kutoka ghorofani na nusura afe.

Tatu, Wajerumani walipotaka kumpiga Abushiri bin Salim mwaka 1889, Wissmann alikwenda Cairo akaandikisha Wasudani wapatao 600, wengi wao askari wa jeshi la Misri waliobaki bila kazi baada ya Sudan kupotea. Hao ndio waliokuja kuzipiga Pangani na Saadani.

Na Mwingereza Lugard, mwaka 1891, aliwakusanya askari wa Emin waliobaki karibu na Ziwa Albert chini ya Selim Bey, akawaleta Uganda pamoja na familia zao. Vizazi vyao ndio Wanubi wa Bombo nchini Uganda na wa Kibera jijini Nairobi, ambao bado wana lugha yao ya Kinubi yenye asili ya Kiarabu cha kambi zile za Sudan.

Ikulu ya Gordon bado ipo?

Jengo lake liliharibiwa. Baada ya 1898 Waingereza walijenga jingine mahali hapohapo, ukingoni mwa Naili ya Bluu, na ndilo lililokuja kuwa Ikulu ya Jamhuri. Vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023 lilitekwa na RSF, kikosi cha wanamgambo kilichopigana na jeshi la serikali, na jeshi la serikali likalirudisha Machi 2025 likiwa limeungua.

Na sanamu yake ya kupanda ngamia?

Ilisimama Khartoum enzi za ukoloni. Sudan ilipopata uhuru mwaka 1956 haikukaa sana. Iliondolewa na kusafirishwa Uingereza, ikawekwa katika shule yenye jina la Gordon karibu na Woking, mkoa wa Surrey. Chuo kilichofunguliwa Khartoum mwaka 1902 kwa kumbukumbu yake hakikuondolewa. Kilibadilishwa jina, na leo ni Chuo Kikuu cha Khartoum.